Redio, igizo, kikundi au mimbari: kuchagua njia ya kuielimisha jamii kuhusu ukatili wa majumbani

Kikundi cha wanawake cha kata, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au chama cha vijana kikiamua kufanya jambo kuhusu ukatili wa majumbani, kwa kawaida fedha iliyopo hutosha kuanza njia moja tu, na ubishi huanzia hapo. Mmoja anataka redio kwa sababu inasikika wilaya nzima, mwingine anataka igizo kwenye uwanja wa gulio, wa tatu anasema wanawake huzungumza ya moyoni kwenye VICOBA, yaani vikundi vyao vya kuweka na kukopa, na wa nne anaona kwamba bila sheikh na mchungaji hakuna atakayewasikiliza. Wote wana hoja. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nne kwa mazingira ya Tanzania, kwa kuegemea yaliyokwisha kujaribiwa hapa nchini na kwa jirani zetu wa Uganda, ili wanaobishana wajue kila njia inatoa nini na inadai nini kabla hawajatoa hata shilingi.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni fundo mnalotaka kulifungua, kwa kuwa jamii inayonyamazia kipigo huwa imefungwa na mafundo matatu tofauti. La kwanza ni imani kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 uliwauliza watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kama kipigo ni halali mke akiunguza chakula, akibishana na mumewe, akitoka bila kuaga, akiwaacha watoto bila matunzo au akimnyima mumewe unyumba. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja kati ya hizo. Anayedhani kwamba elimu hii ni ya kupelekewa wanaume peke yao azisome namba hizo mara mbili.

Fundo la pili ni ukimya wa watu ambao tayari wanajua kwamba kipigo ni kibaya. Jirani anasikia kilio usiku, asubuhi anamwona mama wa nyumba ya pili amejifunga mtandio hadi kwenye paji la uso, anamwamkia kama kawaida na kupita. Hakosi huruma, amefundishwa tangu utotoni kwamba ndugu wakigombana ashike jembe akalime, na anaogopa kuitwa mmbeya anayevunja ndoa za watu. Fundo la tatu ni kutojua sheria na pa kwenda. Wengi Tanzania Bara hawajapata kuambiwa kwamba kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, wala hawajui kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ya fomu ya PF3 ambayo daktari huandika majeraha, ya afisa ustawi wa jamii, au ya kituo cha mkono kwa mkono ambako polisi, daktari na mshauri hupatikana mahali pamoja.

Kigezo cha pili ni nani anafikiwa na, muhimu zaidi, nani anaachwa nje. Cha tatu ni gharama, ambayo ni fedha na pia muda wa watu wanaojitolea. Cha nne ni usalama, na kwa maoni yangu uzito wake unazidi vingine vyote, kwa sababu mwanamke aliyevumilia kwa miaka kadhaa akisimama siku moja na kusema mbele za watu, jioni anarudi katika nyumba ileile aliyotoka. Basi kabla ya kuchagua njia yoyote, nendeni mkaulize: dawati la jinsia lililo karibu liko umbali gani na nauli yake ni kiasi gani, lina askari wa kike zamu zote au mchana tu, afisa ustawi anapokea simu siku ya Jumapili, na mama mwenye watoto watatu atalala wapi usiku wa leo, ukizingatia kwamba nyumba salama nchini ni chache. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayowaambia sauti yenu iwe kubwa kiasi gani.

Redio jamii

Redio jamii kama Sengerema FM mkoani Mwanza, Pangani FM mkoani Tanga, Orkonerei huko Terrat wilayani Simanjiro au Micheweni kisiwani Pemba husikika vijiji ambavyo gari la matangazo halifiki msimu wa mvua, na wasikilizaji huwajua watangazaji kwa majina. Redio inafungua vizuri fundo la tatu, kwa sababu namba ya simu, jina la ofisi na hatua za kufuata vikirudiwa wiki baada ya wiki hukaa kichwani hata kwa asiyejua kusoma. Kwa fundo la kwanza, tangazo la nusu dakika linalosema kwamba kumpiga mke ni kosa halimgeuzi mtu ambaye baba yake na babu yake waliishi hivyo. Igizo la mfululizo ni jambo lingine. Kuanzia 1993 Redio Tanzania ilirusha igizo la Twende na Wakati kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na eneo la Dodoma likaachwa kwanza bila igizo hilo ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale lilipokuwa likisikika. Mada ilikuwa nyingine, lakini ilionekana wazi kwamba msikilizaji akiishi na wahusika kwa miezi mingi, anaanza kuyapima maisha yake kwa yao.

Inayemwacha nje ni mke ambaye mumewe ndiye mwenye redio na simu. Anasikiliza naye ameketi pale pale, na kipindi kinachomalizika kwa kumhimiza mwanamke kwenda polisi leo hii kinaweza kuanzisha ugomvi kabla ya muziki wa mwisho. Hatari kubwa zaidi ni simu za mubashara. Mtangazaji asiyefundishwa humuuliza mpigaji jina na kijiji kwa adabu tu, kama anavyowauliza wapigaji wa salamu, na mama huyo akijibu, wilaya nzima imeshamtambua yeye na mumewe. Mkichagua redio, simu zote zinazohusu ukatili zipokelewe nje ya hewa na mtu anayejua kumwelekeza mpigaji mahali pa kwenda. Muda wa hewani hulipiwa, ingawa redio jamii nyingi hukubali mazungumzo na vikundi vya eneo lao, na igizo la mfululizo linahitaji mwandishi, waigizaji na subira ya miezi.

Redio inakifaa kikundi chenye eneo pana la kufikia, chenye fedha za uhakika kwa nusu mwaka au zaidi, na kilicho karibu na huduma zinazoweza kuwapokea watu watakaoamka.

Igizo la hadhara na filamu

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliipeleka sanaa ya maonyesho vijijini katika miaka ya 1980 kwa namna ambayo wanakijiji wenyewe walitafiti matatizo yao, wakayaigiza na kuyajadili. Vikundi vingi vya leo vimerithi nusu tu ya kazi hiyo. Vinaigiza vizuri, watu wanacheka pale mlevi anapojikwaa mlangoni, kisha gari linaondoka. Igizo shirikishi halifanywi hivyo. Mwezeshaji hulisimamisha pale mume anapoinua mkono, huwageukia watazamaji na kumuuliza mmoja wao: "Mzee wangu, wewe nyumba yako imepakana na hii, na kelele hizi umezisikia. Unafanyaje?" Mzee akisema angenyamaza, anaulizwa hadi lini. Kijana akisema angegonga mlango na kujifanya anaomba chumvi, anaitwa uwanjani aonyeshe, na watu mia mbili wanaona kwa macho yao kwamba mlango unaweza kugongwa na aliyeugonga asipatwe na lolote.

Ndiyo maana naiona njia hii kuwa imara zaidi kwa fundo la pili, na jaribio la Uganda la 2016 linaniunga mkono. Katika vijiji 112, watu walialikwa kutazama filamu za burudani bila kiingilio, na katika baadhi ya vijiji hivyo zilichomekwa filamu fupi kuhusu mwanamke anayepigwa huku wazazi na majirani wakikaa kimya. Baadaye watafiti hawakukuta watu wamebadilika sana kimawazo kuhusu uhalali wa kipigo, lakini wanawake walioziona walikuwa tayari zaidi kuripoti, wakiwa na hofu ndogo ya kuambiwa ni wambeya, na ukatili katika kaya ulipungua katika miezi iliyofuata. Mtu anaweza kuendelea kuamini lile analoamini kuhusu ndoa na bado akaacha kupiga akijua kwamba majirani hawatanyamaza tena.

Igizo linavuta vijana, watoto na wapita njia. Linawaacha wenye maduka, wagonjwa, wake wasioruhusiwa kutoka, na mara nyingi wale wanaume ambao mngependa waje kuliko wote. Hata wanawake waliohudhuria hawasemi wote. Katika mkutano wa kijiji wanaume hukaa kwenye mabenchi karibu na meza, wanawake wakatandika khanga chini upande wa nyuma, na kipaza sauti kikifika nyuma saa imeshakwisha. Inabidi mwezeshaji aanzie kwao makusudi. Gharama yake ni ya wastani na hujilimbikiza siku chache: usafiri, posho za wasanii, vipaza sauti na kibali cha mtendaji.

Usalama wake unategemea mambo mawili. Kisa kisifanane na nyumba yoyote ya kijiji hicho, kwa hiyo andikeni mkiwa mmeketi na mtu anayewajua wakazi, abadilishe idadi ya watoto, kazi ya mume na hata aina ya nyumba. Pili, mwanamke asiombwe kamwe kutoa ushuhuda wake uwanjani, hata akijitolea mwenyewe kwa hisia za wakati ule. Apelekwe kando na mtu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

Mazungumzo ya muda mrefu katika vikundi

Njia hii haina kelele wala picha nzuri za kuwapelekea wafadhili, na bado ushahidi wake ndio mzito kuliko wa nyingine tatu. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mfumo wa SASA!, unaowafundisha wakazi wa kawaida, kama fundi cherehani, dereva wa bodaboda au mama muuza samaki, kuanzisha mazungumzo kuhusu nguvu ambayo mtu anayo juu ya mwingine na namna anavyoitumia. Mazungumzo hupita hatua nne kwa miaka, na hayaanzi kwa kumlaumu mtu. Mwanamume asiyekubali kuitwa mkatili hukubali kueleza jinsi bosi wake au askari alivyomnyanyasa, na akishaeleza vile alivyojisikia, swali la nani nyumbani kwake anajisikia hivyo huja lenyewe. Jaribio lililofanyika Kampala kati ya 2007 na 2012 lilikuta kwamba ukatili wa kimwili wa mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyopata mfumo huo kuliko yasiyoupata. Maeneo yote yalikuwa manane tu, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kama ahadi kwa kila mtaa.

Hapa nchini, utafiti wa MAISHA jijini Mwanza ulifuatilia vikundi 66 vya wanawake waliokuwa wakikopa fedha za biashara. Nusu ya vikundi ilipewa vipindi 10 vya mafunzo kuhusu mahusiano, mawasiliano na ukatili, na baada ya muda wanawake wa nusu hiyo walipatwa na ukatili wa wenzi wao kwa kiwango pungufu kuliko wenzao. Kwa wenye VICOBA hili ni la kutiliwa maanani: kikundi kipo tayari, kinakutana siku inayojulikana, wanachama wanaaminiana kwa fedha, na mume ameshazoea kwamba Jumatano mkewe huenda kwenye hisa, kwa hiyo hakuna safari mpya ya kuelezwa nyumbani.

Njia hii ndiyo inayolifikia fundo la kwanza. Mama anayeamini kwamba mke asiyepigwa hapendwi haachi imani hiyo kwa kusikia tangazo, ila huanza kuitilia shaka katika kikao cha sita au cha saba, pale mwenzake anayemheshimu anaposema kwamba yeye hakuwahi kupigwa na ndoa yake ina miaka 20. Wako pia makungwi na masomo wanaowafunda wari, na mashangazi wanaoshika kipaza sauti kwenye kicheni pati, ambao kwa miaka mingi wosia wao mkuu umekuwa ni kuvumilia. Ningetamani kila kikundi kinachofanya kazi hii kianze kwa kuketi na hao, kwa sababu bi harusi anakumbuka maneno ya somo wake muda mrefu baada ya kusahau bango.

Udhaifu wake ni wazi. Inafikia watu wachache kwa wakati mmoja, na mkifanya na wanawake tupu mnawarudisha nyumbani wakiwa na fikra mpya kwa waume ambao hakuna aliyezungumza nao. Tafuteni kijiwe cha bodaboda, mwalo wa wavuvi au timu ya mpira mwende nako sambamba. Fedha inayohitajika ni kidogo, lakini waraghbishi, yaani wakazi wanaojitolea kuongoza mazungumzo hayo, huchoka, huhama na huolewa, na kazi hii haihesabiki kwa mwezi mmoja. Kwa usalama ina nafasi nzuri, mradi kikundi kiweke mwiko wa kutotoa nje yaliyosemwa ndani na kiusimamie, kwani siri ikivuja mara moja hakuna atakayefungua kinywa tena.

Mimbari

Khutba ya Ijumaa na ibada ya Jumapili huwakusanya kila wiki watu ambao hakuna mkutano wa mtaa unaoweza kuwakusanya, wakiwemo wanaume wenye umri na hadhi. Kiongozi wa dini anapotamka kwamba kipigo ni dhambi, anamnyang'anya mpigaji kisingizio alichokuwa akikitegemea. Wapo Wakristo wanaoishika aya ya 22 katika sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, kuhusu utii wa mke, na kuiacha ya 25 inayomtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa. Wapo Waislamu wanaotaja haki za mume na kunyamazia mafundisho ya Mtume kwamba mbora wa watu ni aliye mbora kwa ahali yake. Hakuna mwanaharakati anayeweza kuyasema hayo kwa mamlaka waliyonayo imamu na padri, na gharama yake ni karibu sifuri.

Wasiofikiwa ni wasiosali, na wale wa dhehebu jingine mkienda kwa moja tu. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye usalama. Viongozi wa dini pia huketi katika mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambako kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa mgogoro hupelekwa kwanza, isipokuwa kwa sababu maalumu, kabla ya shauri la talaka kusikilizwa mahakamani. Aliyezoea kupatanisha huweza kumrudisha mwenye majeraha nyumbani kwa nia njema, akiwa ametaka tu kuiokoa ndoa. Kwa hiyo msimwombe ahubiri kabla hamjakaa naye faragha na kukubaliana atafanya nini mwanamke akimjia baada ya khutba, na ni wakati gani usuluhishi unakoma na polisi na hospitali zinaanza. Katika jumuiya ndogondogo, ambazo waumini hukutana majumbani kwa zamu, angalieni pia kwamba nyumba ya zamu inaweza kuwa yenyewe ndiyo yenye tatizo.

Mimbari inawafaa wasio na fedha lakini wenye heshima mbele ya viongozi wao, hasa mahali ambapo neno la mwisho kuhusu ndoa hutolewa msikitini au kanisani.

Mwongozo kulingana na hali yenu

Ikiwa kata yenu ina vijiji vilivyotawanyika, redio jamii inasikika vizuri na dawati la jinsia linafanya kazi, anzeni na redio, na kwa miezi ya mwanzo jikiteni katika kuwaambia watu waende wapi na watakutana na nini wakifika huko.

Ikiwa mko mjini, katika nyumba za kupanga ambazo vyumba sita vinatumia ua mmoja na kila mtu husikia ya mwenzake, shida yenu yaelekea ni ukimya kuliko kutojua. Igizo shirikishi au filamu fupi kwenye mabanda ya video itawafaa, na mjumbe wa mtaa aandaliwe mapema kwa sababu ndiye atakayegongewa mlango usiku.

Ikiwa mna VICOBA imara na hamna fedha, chagueni mazungumzo ya vikundi, kisha tafuteni wanaume wawili watatu wa kuaminika wa kuanzisha ya kwao. Mkiwa na fedha ya Siku 16 za Uanaharakati wa kupinga ukatili wa kijinsia peke yake, yaani kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, msijaribu kubadili imani za watu kwa wiki mbili; itumieni kwenye gulio kutangaza sheria na huduma, mkiwa na afisa ustawi na askari wa dawati wa kuonana nao faragha papo hapo.

Ikiwa huduma ziko mbali au hazipo, acheni kwanza redio na uwanja. Kaeni na mtendaji, mganga wa zahanati, mwalimu mkuu na viongozi wa dini, mkubaliane nani atampokea mwenye majeraha, nani atalipa nauli, na ni nyumba ya nani ambayo anaweza kulala bila kuulizwa maswali. Kazi hiyo ikichukua miezi mitatu, miezi hiyo haikupotea.

Na ikiwa eneo lenu limetoka kupata msiba, mwanamke akiwa ameuawa na mumewe au mwenzi wake, msipeleke igizo. Hata mkibadilisha majina na kazi, kila mtu atajua ni nani, na watoto wa marehemu watakuwa miongoni mwa watazamaji. Wakati huo wa kwanza ni wa viongozi wa dini na wa vikundi vidogo, pamoja na kuwatembelea wale walioachwa, na swali la njia gani itumike kwa kata nzima lisubiri mpaka familia yenyewe iwe tayari kusikia likizungumzwa.